Wiki Sita Bila Jerikeni

Jerikeni la lita 20 likijaa maji huwa na uzito wa kilo 20 na ushei. Tumeona vema tuanze na hesabu hiyo, kwa kuwa katika nyumba za askari hapa Makenke, kama ilivyo kwa wenzetu polisi walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mzigo huo aghalabu huwa juu ya kichwa cha mama.

Mama huyo akitokwa na hedhi kupita kiasi mwezi baada ya mwezi, pengine kwa sababu ya uvimbe, na dawa zisimfae, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara huweza kumshauri aondolewe mfuko wa uzazi.

Baada ya upasuaji wauguzi humwinua mapema, hata kesho yake, atembee. Tusidhani ni ukatili: damu ikiganda miguuni na kupanda mapafuni huua. Akirudi nyumbani kidonda cha nje hukauka upesi, na hapo ndipo wengi wetu hudanganyika, maana mishono ya ndani bado haijashika. Kwa wiki 6 hivi asiinue jerikeni, wala mkungu wa matoke, wala mtoto mzito. Na tendo la ndoa lingoje ruhusa ya daktari. Askari ajuaye kujipikia porini hana udhuru wa kushindwa kuchota maji akiwa likizoni. Askari wa kike naye ampelekee mkuu wake cheti cha daktari kabla hajarudi gwaride.

Matone ya damu kwa wiki chache si ajabu. Lakini homa, usaha, harufu mbaya, damu inayolowesha kitambaa kizima kwa saa moja, mguu mmoja kuvimba, au mkojo kuvuja wenyewe, hayo hayangoji asubuhi. Atokaye Nakivale atafutiwe gari, si bodaboda.

Limebaki linalonong'onwa kantini: eti mwanamke aliyeondolewa mfuko amekuwa mtupu. Si kweli. Hedhi hukoma na mimba haitungi tena, lakini vifuko vya mayai vikiachwa, hazeeki ghafla, wala hamu ya ndoa haikatwi pamoja na mfuko.

Tusimchanganye na yule ambaye mfuko wake umeachwa, ukaunguzwa utando wa ndani tu. Huyo hurudia kazi zake baada ya siku chache, na hedhi hupungua au kukoma. Ila mimba bado huweza kutunga, nayo huwa ya hatari kwa mama na mtoto. Hapo hapana budi mume na mke waendelee na uzazi wa majira.