Uingereza: Mgonjwa akishindwa rufaa, anabaki na nini?

Kwa Wakongomani wanaoishi Uingereza, barua ya tribinali inayosema kwamba rufaa imekataliwa mara nyingi husomwa kama mwisho wa kila kitu. Malipo ya ugonjwa yanasimama, kodi ya nyumba inangoja, na huku Uvira, Bukavu ao Kalemie ndugu waliozoea kupokea feza ya masomo ya watoto wanaanza kuuliza kwa nini mwezi huu hakuna kilichofika. Lakini sheria ya inchi ile haifungi milango yote siku hiyo. Inafunga mmoja, na mingine inabaki wazi kwa siku zinazohesabika. Anayekaa kimya ndiye anayepoteza zaidi.

Baadhi ya wakaaji hawa ni watu wa mashariki. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2020, Uingereza ilipokea wakimbizi kupitia mpango ulioitwa Gateway, ulioendeshwa pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR. Kuna Wakongomani waliotolewa katika kambi za Zambia na kupelekwa miji kama Norwich na Hull. Wako waliofika na majeraha ya vita, ya mwili na ya roho, na wako waliougua baadaye kwa sababu ya kazi ngumu ao uzee.

Kwa msomaji wa hapa kwetu, jambo hili linaweza kuwa geni. Katika Kongo, sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi mgonjwa theluthi mbili za mshahara wakati mkataba umesimamishwa kwa ajili ya ugonjwa. CNSS yenyewe inashughulika na pensheni, posho za familia na ajali ao magonjwa yanayotokana na kazi. Asiye na mwajiri anategemea jamaa na kanisa. Uingereza, serikali ndiyo inayolipa, na serikali hiyohiyo ndiyo inayoamua nani ni mgonjwa wa kutosha.

Pointi 15

Uamuzi hautegemei jina la ugonjwa. Mgonjwa anapimwa kwa pointi: anaweza kutembea umbali gani, kuinua kitu, kujifunza kazi mpya, kutoka nyumbani peke yake, kukutana na watu asiowajua? Anayefikisha pointi 15 huhesabiwa kuwa hana uwezo wa kufanya kazi kwa sasa. Asiyefikisha huambiwa kwamba anafaa kazi, isipokuwa ikionekana kwamba kumlazimisha kutaleta hatari kubwa kwa afya yake ao ya wengine.

Asiyekubali uamuzi huomba kwanza wizara ya kazi na pensheni iuangalie tena. Hatua hiyo iliwekwa kuwa ya lazima mwaka 2013. Wizara ikikataa, anakwenda mbele ya tribinali isiyo chini yake, na halipi kitu kukata rufaa. Mwezi wa 7 mwaka 2020, Mahakama Kuu ya Uingereza ilisema kwamba si haki kuwalazimisha kupitia hatua ile ya kwanza watu ambao wangestahili kulipwa ESA wakati rufaa yao inaendelea, kwa sababu katikati hapo walibaki bila malipo hayo.

Feza iliyokwisha kulipwa hairudishwi

Hili ndilo swali la kwanza la wengi. Anayepokea ESA, yaani malipo ya ugonjwa yanayotegemea michango aliyotoa alipokuwa kazini, anaweza kulipwa kiwango cha chini wakati anangoja tribinali, mradi aendelee kupeleka karatasi za daktari. Akishindwa, malipo hayo yanasimama mara wizara inapopata uamuzi wa tribinali. Lakini feza alizopokea wakati wa kungoja ni zake. Kushindwa rufaa peke yake hakumfanyi awe na deni.

Kwa walio katika Universal Credit, ambayo ndiyo malipo ya watu wengi wenye mapato madogo, hali ni tofauti. Hapa malipo ya msingi hayakatwi kwa sababu ya kushindwa rufaa. Kinachokosekana ni nyongeza ya ugonjwa. Badiliko kubwa liko kwenye masharti: mtu anatakiwa kutafuta kazi, kufika kwenye mikutano na kuonyesha kile alichofanya. Akikosa bila sababu nzuri, anaweza kukatwa feza. Ndiyo maana inafaa amweleze mapema afisa anayemfuata kuhusu maumivu yake, dawa na siku za hospitali, ili masharti yapangwe kulingana na hali yake. Kushindwa rufaa hakumfanyi awe mzima, na afisa ana uwezo wa kupunguza masharti.

Aliyepoteza ESA na hana mapato mengine anaweza kuomba Universal Credit, kama anatimiza masharti yake. Asingoje. Malipo ya kwanza huchukua karibu wiki tano kufika. Anaweza kuomba atangulizwe sehemu, lakini hiyo ni mkopo, itakatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya miezi ijayo.

Kuna pia PIP, malipo ya watu wenye ulemavu ao ugonjwa wa muda mrefu, yanayotolewa hata kwa wanaofanya kazi. Kipimo chake ni kingine. Anayeshindwa rufaa kuhusu uwezo wa kufanya kazi hapotezi PIP kwa sababu hiyo, wala hazuiwi kuiomba.

Mwezi mmoja wa kuhesabu

Tarehe iliyo juu ya barua ya tribinali ni ya kutunza. Ndani ya mwezi mmoja, aliyeshindwa anaweza kuomba maelezo kamili ya sababu kwa maandishi. Karatasi fupi inayotolewa siku ya kesi mara nyingi haitoshi. Akipata maelezo hayo, ana mwezi mwingine wa kuomba ruhusa ya kwenda kwenye tribinali ya juu.

Tribinali ya juu haimwangalii mgonjwa upya. Inatafuta kosa la kisheria tu: sheria ilisomwa vibaya, ushahidi muhimu uliachwa bila kuelezwa kwa nini, ao sababu zilizotolewa hazieleweki. Kusema tu kwamba jaji na daktari hawakuamini maumivu yako hakutoshi. Kwa hiyo ni vizuri maelezo hayo yasomwe na mshauri ao avoka anayejua sheria hiyo. Citizens Advice inatoa ushauri bila malipo. Hakuna sababu ya kumlipa mtu wa katikati anayeahidi kufungua kesi kwa kujuana na wakubwa.

Njia nyingine ni kwa yule ambaye hakuwepo siku ya kesi, ao ambaye barua fulani haikumfikia. Huyo anaweza kuomba uamuzi ufutwe na kesi isikilizwe tena, na hapo pia muda ni mwezi mmoja.

Lugha nayo ina uzito. Tribinali inaleta mkalimani bila malipo ikiombwa mapema, na mtoto ao jirani hatakiwi kufanya kazi hiyo. Lakini kuandika tu “Kiswahili” kwenye fomu kunaweza kuleta mkalimani wa Kiswahili cha pwani, naye mgonjwa anazungumza cha Kivu ao cha Katanga, ao anajieleza vizuri zaidi katika Kibembe, Kifuliiru ao Kinyamulenge. Inafaa kuandika waziwazi. Neno moja lililofasiriwa vibaya kuhusu umbali anaoweza kutembea linaweza kumnyima pointi.

Kuomba upya

Ugonjwa ukizidi, ao ukija mwingine, mlango wa kuomba upimaji mpya uko wazi. Lakini kurudia maneno yaleyale hakusaidii. Tangu mwezi wa 3 mwaka 2015, aliyeambiwa kwamba anafaa kazi halipwi ESA akingoja kupimwa upya, isipokuwa hali yake imezidi sana ao ana ugonjwa mpya. Katika Universal Credit pia wizara inaweza kukataa kumpima tena kama hakuna kilichobadilika. Barua ya daktari isiyosema zaidi ya “ana ugonjwa wa sukari” ina nguvu ndogo. Inayosaidia ni ile inayosema kile ambacho mgonjwa hawezi tena kufanya, na tangu lini.

Gharama ya kuchelewa pia imeongezeka. Mwaka 2025, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayopunguza nyongeza ya ugonjwa katika Universal Credit kwa wengi wanaoanza kuistahili kuanzia mwezi wa 4 mwaka 2026. Kwa jamaa walioko huku nyumbani, swali la kumuuliza ndugu aliyeshindwa si lini atatuma tena. Ni hili: barua ile ina tarehe gani, na nani anamsaidia kuijibu?