Mgao wa Maji Kitengela: Valvu Hufungwa, Visima Je?

Mgao wa maji hufanywa kwa chuma kirefu chenye umbo la herufi T. Fundi wa kampuni ya maji hufunua kifuniko kando ya barabara, akakishusha chuma hicho shimoni, akazungusha valvu, na mtaa mzima ukakauka hadi zamu yake irudi. Ratiba inayobandikwa ukutani ni karatasi tu. Kizuizi chenyewe ni hiyo valvu.

Wakazi wa Nairobi waliingia katika mgao Januari 2017, baada ya mvua kushindwa kulijaza bwawa la Ndakaini, ambalo likifurika hubeba mita za ujazo milioni 70. Mpango uliotangazwa kuwa wa muda ukageuka kuwa desturi. Kaunti jirani ya Kajiado, ulipo mji wa Kitengela, ilifikiwa na kiangazi kibaya zaidi miaka michache baadaye, na Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Tangazo la aina hiyo hufungua mlango wa chakula cha msaada na malori ya maji. Halimzuii mtu yeyote kuosha gari.

Kuzuia ni kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti huduma za maji na majitaka, nazo huziendesha kupitia kampuni zenye leseni ya bodi ya kudhibiti huduma za maji, WASREB. Bodi hiyo ndiyo huidhinisha bei pia. Kwa hiyo maji yakipungua, kaunti inaweza kufunga valvu kwa zamu, kuomba bei ipande kwa anayetumia mengi, au kupiga marufuku matumizi fulani, kama vile kumwagilia bustani kwa maji ya mfereji.

Valvu ndiyo hupendwa kwa sababu haihitaji askari. Lakini ina gharama ambazo tangazo halizitaji. Bomba likikaa tupu, uchafu hupenya kupitia nyufa zilezile zilizokuwa zikivujisha maji. Maji yanaporudi husukuma hewa mbele yao, na mita huihesabu hewa hiyo kana kwamba ni maji. Tena mwenye tenki la lita 10,000 hulijaza siku ya zamu na hahisi lolote, ilhali mpangaji mwenye mitungi mitatu amemaliza kabla ya kesho kutwa. Akiba inayopatikana huwa ndogo kuliko kelele yake, hasa ukikumbuka kwamba kampuni za maji nchini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji zinayozalisha, kwa mivujo, wizi na mita mbovu.

Hayo yote ni ya mji ulio na mabomba. Kitengela ilikuwa na watu 58,167 katika sensa ya 2009. Ya 2019 ikakuta 154,436. Mabomba hayakukimbia kwa kasi hiyo. Bomba kuu la Nolturesh, linaloanzia kwenye chemchemi za Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, lina wateja wengi njiani kabla halijafika upande huu. Pengo limezibwa na visima vya watu binafsi, malori ya maji na wauzaji wa mitungi. Maji mengi ya visima hivyo yana chumvi, na katika sehemu nyingi za Kajiado yana floridi inayopita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, hivyo familia hununua mara mbili: ya kufulia na ya kunywa.

Sasa kaunti itafunga nini? Kisima hakina valvu ya kaunti. Kibali chake hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chombo cha serikali kuu, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Sheria hiyo inatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya mengine yote, na kibali huja na masharti ya kiasi cha kuvuta. Kwa maneno mengine, nguvu ya kumwambia mwenye kisima apunguze kuvuta ili majirani wapate ya kunywa ipo, ila iko kwenye ofisi nyingine.

Cape Town ilipoikabili siku ya mifereji kukauka, kiwango cha Februari 2018 kilikuwa lita 50 kwa mtu kwa siku. Wengi huikumbuka namba hiyo. Ni mitungi miwili na nusu, na ziko ploti za Kitengela ambako hiyo ingekuwa neema. Kisichokumbukwa ni kwamba jiji lile liliwabana hata wenye visima: kumwagilia kuliruhusiwa Jumanne na Jumamosi tu, kwa muda usiozidi saa moja, asubuhi mapema au jioni. Dar es Salaam nayo, Oktoba 2022, ilitangaza mgao uzalishaji wa mamlaka yake ya maji, DAWASA, uliposhuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi 300. Mgao peke yake haukutosha. Viongozi walilazimika kupanda Bonde la Ruvu kuwazuia waliokuwa wakichepusha maji ya mto.

Kajiado isijitetee kwamba haina mkono kabisa. Leseni za biashara na afya ya umma ni kazi za kaunti, na lori la maji ni biashara. Leseni yake inaweza kudai dereva aonyeshe kisima anakojazia, kibali cha kisima hicho, mita inayosomeka na cheti cha vipimo vya maji. Kwa maoni yangu hapo ndipo mgao wa Kitengela ungeanzia, kabla ya kumgusa mwenye mfereji ambaye tayari hupata maji kwa kubahatisha. Ugumu ni wa jiografia: Athi River iko dakika chache tu kwa Barabara ya Namanga, nayo ni Kaunti ya Machakos. Lori likibanwa huku litajaza kule, isipokuwa Machakos na WRA watie saini amri ileile.