Beki akirudisha mpira: kipa afanye nini akibanwa?

Tarehe 28 Juni 2021, mjini Copenhagen, Hispania ilikuwa ikicheza na Kroatia katika michuano ya Euro. Kiungo Pedri alimrudishia mpira kipa wake, Unai Simón, kutoka mbali. Simón alinyoosha mguu autulize, ukampita na kuingia wavuni. Hispania ilikuja kushinda 5-3 katika muda wa nyongeza.

Kama hayo hutokea kwenye nyasi laini za Ulaya, kipa wa ndondo kijijini, mwenye uwanja wa vumbi na mashimo, ana sababu zaidi ya kujiandaa.

Sheria inasemaje?

Tangu 1992, kipa haruhusiwi kudaka mpira ambao mwenzake amempigia kwa mguu makusudi. Vilevile haruhusiwi kudaka mpira wa kurusha uliotoka moja kwa moja kwa mwenzake. Akidaka, wapinzani hupewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, yaani goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mchezaji mwingine. Mwenzake akiurudisha kwa kichwa au kifua bila hila, ruksa kudaka.

Wengi hawajui kwamba kipa akijaribu waziwazi kuupiga mpira huo ili auondoe, kisha akaukosea, anaruhusiwa kuushika kwa mikono ndani ya eneo lake la penalti. Na ukiona kabisa mpira unaingia, udake tu. Kosa hilo peke yake halina kadi, na adhabu ni afadhali kuliko goli.

Kazi huanza kabla mpira haujafika

Beki wako akigeukia goli lenu, usibaki katikati ya nguzo. Sogea pembeni, nje ya nguzo, ili pasi isielekee wavuni. Tupa jicho uone mshambuliaji anakuja kutoka wapi. Kisha toa sauti, neno moja au mawili: "Nipe kulia!" au "Butua!" Beki aliyebanwa hana macho kisogoni, wewe ndiye macho yake.

Naye beki ana wajibu wake. Apige mpira wa chini, wenye nguvu ya kutosha, upande ambao kipa ameuomba. Oktoba 2006 mjini Zagreb, Gary Neville wa England alimrudishia mpira kipa Paul Robinson. Mpira ulidunda juu ghafla, Robinson akapiga hewa, likawa goli. Pasi ile ilielekea golini. Ingepigwa nje ya nguzo, hasara ingekuwa kona tu.

Mpira ukifika

Usiusubiri, ufuate. Weka mwili wako nyuma ya mpira, ili ukiruka mguu ukutane na ugoko au kifua. Uangalie mpaka uguse mguu.

Mshambuliaji akiwa karibu, upige mara moja, juu na mbali, kuelekea pembeni mwa uwanja. Kuutoa nje si aibu. Ukiwa na nafasi, mguso wa kwanza uupeleke mbali na mshambuliaji na mbali na goli, wa pili uwe pasi. Usipige pasi mbele ya goli lako mwenyewe, wala usijaribu chenga.

Zoezi la dakika kumi

Tafuta wenzako wawili. Mmoja akupigie pasi za nyuma, mwingine akukimbilie kutoka hatua kumi na tano. Piga kumi kwa mguu wa kulia, kumi kwa wa kushoto. Fanyeni kwenye uwanja uleule mtakaochezea, mjue mashimo yake yako wapi.

Goli la namna hii likiingia, kijiji kizima humlaumu kipa. Lakini pasi ya nyuma ni ya watu wawili, na mara nyingi kosa limeshafanyika kabla kipa hajaugusa mpira. Kwa hiyo kabla ya fainali ya mbuzi, kaeni kipa na mabeki mkubaliane mapema: pasi iende upande gani, na neno lipi maana yake ni kubutua.