Hakuna Barua, Hakuna Rufaa

Mwandikishaji amefika asubuhi na kishikwambi chake. Amepewa kigoda pembeni ya migomba, anaanza kuuliza. Nyumba ina vyumba vingapi? Sakafu ni ya udongo au ya saruji? Mnapikia kuni au mkaa? Kuna baiskeli, redio, mbuzi? Tuseme mwenye nyumba ni mama aliyepita miaka 50, katika kijiji kimoja cha Murusagamba, kusini mwa Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Mguu wake wa kulia umekatwa juu ya goti. Anatembelea gongo la mti, na pale linapokaa kwapani amelizungushia kitambaa cha kanga kuukuu. Paa la nyumba ni la bati. Lilinunuliwa na kaka yake aliyekwenda Geita kutafuta dhahabu, mwaka ule mmoja ambao dhahabu ilimkubali. Mwandikishaji anabonyeza: bati.

Wiki zinapita. Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa, yanasomwa majina ya kaya zitakazoingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, na lake halimo. Anamfuata mwenyekiti. Mwenyekiti anasikitika kweli, maana ni jirani yake, na anamjibu kwa maneno ambayo yeyote anayeijua TASAF vijijini ameyasikia: "Mama, jina lako halikurudi."

Mama huyu nimemtunga. Bati, gongo na jibu la mwenyekiti sikuvitunga.

Hilo neno, halikurudi, linastahili kutazamwa kwa karibu. Jina lilikwenda wapi? Lilifika kwa nani? Nani alilizuia lisirudi? Ndugu zake neno hili ni "mfumo umekukata", "mashine haikukusoma", "wa juu ndio wanaojua". Yote ni majibu yasiyo na mtu ndani yake. Mtu amenyimwa fedha za kununua chumvi na mahindi, lakini katika maelezo anayopewa hakuna aliyemnyima, hakuna siku aliyonyimwa, hakuna sababu. Ukitaka kukata rufaa unahitaji vitu hivyohivyo vitatu: nani aliamua, lini, na kwa nini. Kwa hiyo rufaa ya mama huyu imekufa kabla hajafikiria kuikata, na aliyeiua hakukusudia.

Wala hana mlango mwingine wa kubisha. Tanzania Bara haina posho ya ulemavu inayolipwa kwa mujibu wa sheria kwa kila anayestahili. Kenya ilianza kuwalipa watu wenye ulemavu mkubwa mwaka 2011. Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea Aprili 2016. Huku kwetu, mtu mwenye ulemavu ambaye hakuwahi kuajiriwa, yaani karibu kila mkulima wa Ngara na wilaya jirani ya Biharamulo, ruzuku iliyo karibu naye ni ya TASAF. Mfuko ulianza mwaka 2000, awamu ya tatu ikazinduliwa mwaka 2012, na kipindi cha pili cha mpango wa kaya maskini kikazinduliwa Februari 2020, kikipangwa kufikia ukomo Septemba 2025. Sehemu kubwa ya fedha za kipindi hicho ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Kaya huchaguliwa hivi: wananchi wanapendekeza, mwandikishaji anahoji, hesabu inapigwa kukadiria umaskini kwa vitu vinavyoonekana, kisha orodha inarudi kijijini kuthibitishwa. Kipimo hicho kina sababu yake, kwa kuwa mkulima wa mihogo hana hati ya mshahara na lazima hali yake ikadiriwe kwa namna fulani. Lakini kinapima kilichomo ndani ya nyumba, hakipimi kilichokosekana mwilini. Mwenye miguu miwili anachota maji mwenyewe, asiye na mguu anamlipa mtoto wa jirani. Mmoja anakwenda zahanati kwa miguu, mwingine anapanda bodaboda kwenda na kurudi. Wa kwanza analima ekari yake, wa pili anakodi vibarua au anaiacha ikae pori. Kaya mbili zenye bati moja na mbuzi wawili si kaya mbili zenye umaskini mmoja. Mpango wa 2020 uliliona hilo kiasi, ukaweka ruzuku ya ziada kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu. Ni hatua njema, ila inamfikia aliyekwisha kuingia. Aliyekatwa mlangoni hapati ruzuku wala nyongeza.

Tena wapo walioingia wakatolewa. Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki wa nchi nzima na makumi ya maelfu ya kaya zikaondolewa. Zilikuwepo kaya hewa na jamaa za viongozi, na kuziondoa ilikuwa haki. Lakini panga linalofyeka kwa haraka halichagui, na aliyekatwa kwa makosa alipaswa kuwa na njia ya kurudi.

Kwenye karatasi njia hiyo ipo. Mpango una utaratibu wa malalamiko unaoanzia kwa kamati ya jamii kijijini, unapanda halmashauri hadi makao makuu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine, haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote. Ibara ya 11 inaitaka serikali iweke mipango ya msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, ingawa ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuusimamia wajibu huo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, yenye kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama.

Ukizipanga sheria hizo kwa miaka utaona ngazi inayopanda, na sina sababu ya kuzidharau. Kinachoshuka ni kitu kingine: idadi ya watu wanaoweza kusimama kando ya mnyonge, wakamsomea, wakamwandikia, wakampeleka na kurudi naye.

Ngara inalijua hili kuliko wilaya nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na Benaco, humuhumu Ngara, ikawa mji wa turubai. Likaja shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na mashirika mengine mengi. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi ambao kazi yao ilikuwa kuwatafuta wasioona, waliokatwa viungo na wazee walioachwa peke yao, na kuhakikisha kadi zao za chakula zinafanya kazi. Mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanza kurusha matangazo kutoka Ngara. Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996, na hadi mwaka 2008 unakwisha kambi ya Warundi ya Lukole nayo ilikuwa imefungwa. Mashirika yakaondoka na magari yao. Msaada ule ulikuwa wa wageni, na wenyeji walikuwa na malalamiko ya haki kuhusu misitu na visima vyao. Hata hivyo ulipoondoka, kazi ile ya kumtafuta mlemavu nyumbani kwake haikurithiwa na mtu. Redio hiyo ilibaki. Maafisa wa ustawi wa jamii walibaki wachache, makao makuu ya wilaya, kukiwa na vijiji kila upande wa milima.

Waliobaki kijijini ni ndugu, na hapo pia pamepungua. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye zamani angemwandikia shangazi yake barua ya malalamiko, yuko kwenye mashimo ya dhahabu Biharamulo au Geita, au anaendesha bodaboda Nyakanazi. Viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu wanajitolea, na wengi wao ni wenye ulemavu wenyewe: anayeombwa kumsindikiza asiyeona ni mtu mwenye gongo. Msaidizi wa kisheria anategemea mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa mipango wakikaa Dodoma hawawezi kuliona. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, na Kirundi ni lugha za majirani wanaoelewana bila mkalimani, kwa hiyo ni rahisi mwenyeji kudhaniwa Mrundi. Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji haramu, na wapo Watanzania waliojikuta wakidaiwa uthibitisho wa walikozaliwa. Bibi wa Kabanga, Ngara, asiyejua Kiswahili vizuri hajasahau. Kwake, kwenda ofisini kulalamika ni kwenda kuulizwa babu yako alizikwa wapi. Mkononi ana kitambulisho cha taifa kama bahati ilimpitia. Bila namba ya kitambulisho hicho hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na bila laini malipo ya simu hayafiki. Mwenye ukoma aliyepoteza vidole anaweka nini kwenye mashine? Ananyamaza, na ukimya wake unahesabiwa kama kuridhika: wilaya isiyo na malalamiko inaonekana wilaya iliyotendewa haki.

Kwa walioajiriwa hali ni bora, lakini penye utata msaada hauonekani vilevile. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaotokana na sheria ya 2008 na ulioanza kazi Julai 2015, unapima ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Ukipewa asilimia 30 au chini unalipwa mara moja, ukivuka 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Kati ya 30 na 31 pana maisha mazima. Kuipinga namba hiyo kunahitaji ripoti ya daktari mwingine, pengine bingwa wa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Nauli na siku za kulala huko ni za nani? Na wachimbaji wadogo wa Biharamulo wasio na mkataba hawamo hata kwenye mjadala huo.

Nchi tajiri zinatufundisha kitu hapa. Uingereza, Aprili 2013, iliondoa karibu msaada wote wa kisheria katika mashauri ya mafao. Watu waliosaidiwa walishuka kutoka makumi ya maelfu kwa mwaka hadi mamia. Rufaa haikufutwa, na katika posho yao kuu ya ulemavu wengi wa wanaofika mbele ya baraza hushinda. Maana yake ni kwamba maamuzi mengi ya mwanzo yalikuwa mabovu, na huenda wengi wa waliokata tamaa njiani walinyimwa haki yao. Lakini Mwingereza yule alikuwa na kitu ambacho mama wa Murusagamba hana. Alikuwa na barua. Afrika Kusini pia, anayenyimwa ruzuku ya ulemavu hupaswa kuelezwa sababu kwa maandishi, na ana siku 90 za kukata rufaa.

Sisi tuna mapitio ya Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Ngara ni Bukoba, na maombi ya kibali cha mapitio hayo yanapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Miezi 6 tangu lini? Tangu mkutano wa kijiji? Tangu siku kompyuta ilipopiga hesabu? Wakili yeyote ataomba kwanza nakala ya uamuzi, na nakala haipo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila ada, nayo pia lazima ijue inalalamikiwa ofisi gani na ilifanya nini.

Ndiyo maana naona kazi ya kwanza si kuongeza ngazi ya rufaa. Ni karatasi. Jina la mwombaji, uamuzi, sababu kwa Kiswahili cha kawaida, tarehe, jina la aliyeamua, na mstari mmoja unaosema peleka pingamizi wapi na kabla ya lini. Asomewe kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi kama ndiyo lugha yake. Karatasi hiyo inaweza kubebwa na mtu mwingine, na hapo pa kushikia panapatikana: katekista anaisoma, mwalimu mstaafu anajibu, mpwa aliye Nyakanazi anatumiwa picha yake kwa simu.

Wala vifaa havikosekani. Katika mtoto wa meza wa mtendaji wa kijiji, iwe Murusagamba ya Ngara au Nyakahura ya Biharamulo, kuna muhuri na kidau cha wino. Ukitaka kufungua akaunti benki, mtendaji anakuandikia barua ya utambulisho na kuigonga muhuri palepale, wakati wewe umesimama. Ukipeleka ng'ombe mnadani, hatembei bila kibali kilichogongwa muhuri huohuo. Mama wa gongo amesimama mbele ya meza hiyohiyo, ameambiwa jina lake halikurudi, na ameondoka mikono mitupu.