Mayi ya moto mu motokari: kwa nini birika ya safari inachelewa, na kwa nini mbabula haiingie ndani

Leo siandiki juu ya mahindi wala mbolea. Tangu watu wameanza kununua zile birika ndogo zinazochomekwa mu tundu la kuwashia sigara, swali lenye linanifikia ni lile lile: "Ee agronomu, mbona mayi hayachemki? Tumetoka Likasi, tunafika Fungurume, bado ni vuguvugu!"

Birika haijaharibika. Ni hesabu. Kamata nusu lita ya mayi yenye digrii 20 na kuifikisha ku kuchemka: inaomba karibu kilojuli 157 za nguvu. Tundu lile linatoa volti 12, na fyuzi yake mara nyingi ni ya ampea 10 ao 15. 12 mara 10 ni wati 120 tu. Ukigawanya, unapata dakika 22, na hapo umehesabu kama hakuna joto hata kidogo linapotea, wakati birika yenyewe ni chuma chembamba na dirisha la motokari liko wazi. Sema nusu saa na zaidi. Birika ya nyumbani yenye wati 2000 ingeomba ampea zaidi ya 160 ku volti 12. Hakuna waya wa tundu hilo unaoweza kubeba vile. Kwa hiyo yule fundi anayekuambia aweke fyuzi kubwa "ili ipite", umukatalie: fyuzi haitaungua tena, utaungua waya, na moto utaanzia nyuma ya tabulo. Kamiyo wana bahati kidogo, juu batri zao zinatoa volti 24. Ku ampea zile zile nguvu ni mara mbili.

Tena kuko kitu chenye siye wa hapa tunasahau. Kolwezi iko juu, karibu metre 1 450. Hewa inagandamiza kidogo, na mayi yanachemka ku digrii 95 hivi. Usingoje 100, haitakuja hata ukiongeza makala. Kwa vijidudu vya tumbo haina shida: mayi yakichemka kwa nguvu dakika moja, vinakufa. Ni majani ya chai tu yanaomba uyaache mu mayi muda kidogo zaidi.

Sasa nafika ku jambo lenye lilinifanya nikamate kalamu. Mu miezi ya sita na ya saba usiku wetu ni baridi kweli. Washofere wanaobeba shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa wanaweza kulala ku foleni siku kadhaa, na wengi wana mbabula mdogo wa chai. Mchana uko inje, chini ya kivuli cha kamiyo, hakuna tatizo. Usiku unapandishwa mu kabini, vioo vinafungwa. Na watu wanajitetea: "Makala yamesha kuwa mekundu, hakuna moshi tena." Njo hapo hatari iko. Moshi unaouona ni wa kuni ambazo hazijaungua vizuri. Makala mekundu yanatoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikiingia mu damu inashika ile sehemu yenye inabeba oksijeni, na inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni yenyewe. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, na anafikiri ni uchovu wa njia. Analala. Anayelala hasikii tena kitu.

Kufungua kioo kidole kimoja hakutoshi. Reshо ya gesi nayo, mu kabini iliyofungwa, si salama. Na kama watu wawili ao watatu mu motokari moja wanaumwa kichwa pamoja, usitafute aspirini: zima, fungua milango yote, watoe ku hewa, kisha hospitali, hata wakisema wamepona.

Basi chai tutakunywa namna gani? Miye nasafiri mara kwa mara Lubumbashi–Kolwezi, kilometre karibu 300, na jibu langu ni la mama zetu: termosi. Watu wanaiona ya kizamani, miye naona inashinda vyombo vyote vya volti 12. Kati ya kuta zake mbili hewa imetolewa, kwa hiyo joto halina njia nyepesi ya kutoka. Kwanza mimina mayi ya moto ndani, acha dakika tano, mwaga. Kisha jaza mayi yanayochemka paka juu, juu termosi nusu inapoa haraka. Maziwa usiyatie humo. Maziwa ya vuguvugu ku safari ya siku nzima ni shamba la bakteria. Beba ya unga, tia mu kikombe. Birika ya umeme iache kwa kupasha tena mayi yenye yalikuwa na joto tayari, na ingine ikiwa inatembea, ili batri isiishe mu pori.

Linabaki swali la mayi yenyewe, na hapa nasema kama mtu wa udongo. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoe metali. Kobalti na shaba hazina uhai wa kuuawa. Mvuke unapanda, zenyewe zinabaki, na mu birika zinakuwa nzito kuliko mwanzo. Mito kama Musonoi na Luilu inapita karibu na migodi na viwanda. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi wana kobalti nyingi mu mukojo kupita kawaida. Mayi ya mto pembeni ya mgodi, hata yakichemka saa nzima, usiyatilie majani. Na ile bidon ya njano yenye ilibeba dawa ya kuua majani ya shamba, hata ukiiosha mara kumi, iachie kazi ingine. Mayi ya safari yajaze nyumbani, mu chombo chenye unajua kilibeba nini mbele.