Nyumba ya Kamembe Huanzia Ukutani

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilitikisika kusini mwa Ziwa Kivu kwa kipimo cha 5.9. Upande wa Rwanda, wilaya za Rusizi na Nyamasheke ndizo zilizoumia zaidi: watu zaidi ya 30 walifariki, wengine wakiwa kanisani. Tetemeko la namna hiyo ni nadra kumuua aliye uwanjani. Kinachoua ni ukuta. Ndiyo maana anayetamani nyumba ya kisasa mjini Kamembe, wilayani Rusizi, yenye kudumu na kutumia nishati kidogo, hana budi kuanza na ukuta kabla ya kuulizia bei ya paneli za sola.

Ukuta unaostahimili mtikisiko umefungwa pande zote. Msingi wa mawe hushikana na nguzo za nondo kwenye kona, na lenta ya zege huzunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha kama mshipi. Dirisha halisogezwi karibu na kona. Paa huwa jepesi, la mabati.

Gharama iliyojificha ipo kwenye vifaa. Tanuru la kienyeji la matofali hula kuni nyingi za mikaratusi. Saruji haitoki mbali, kwani kiwanda cha CIMERWA kimo humo humo wilayani, Muganza, tangu mwaka 1984. Lakini kuipata huhitaji mawe ya chokaa kuchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450. Basi nyumba iliyo bora ni ile inayosimama imara kwa vifaa vichache. Mradi wa PROECCO, uliofadhiliwa na Uswisi, ulieneza Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ujenzi wa kulaza tofali kwa ubavu, ukuta ukibaki na uwazi ndani. Matofali hupungua, udongo na saruji ya kuungia hupungua, na ule uwazi hupitisha nondo na nyaya za umeme. Kwa nchi ya matetemeko, huo ni ufundi unaostahili kufundishwa kila mwashi.

Hali ya hewa ya Kamembe yenyewe ni rafiki. Mji uko juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na wastani wa joto hukaribia nyuzi 20. Kiyoyozi hakihitajiki, wala hita. Jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa hiyo pande ndefu za nyumba zielekee huko. Upenu wa sentimita 80 hufunika zaidi ya mita moja na nusu ya ukuta wa kaskazini saa sita mchana, hata mwezi Juni.

Tatizo ni ziwa. Kila mwenye kiwanja anataka kuliona, pamoja na taa za mji wa Bukavu ng'ambo, Kongo, na ziwa liko magharibi, ambako jua la alasiri huingia chini chini na kuupita upenu wowote. Jibu ni baraza pana upande huo, lenye miti mbele yake, na sebule ikae nyuma ya baraza.

Ramani hiyo hiyo haifai kupelekwa Bugarama. Huko bondeni kwenye mashamba ya mpunga, chini kwa mita mia kadhaa, joto ni kali: dari iinuliwe, na madirisha yatazamane ili upepo upite.

Yabaki maji. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 huleta karibu lita 1,000. Familia inayotumia lita 100 kwa siku huhitaji lita 9,200 kuvuka kiangazi cha Juni hadi Agosti, yaani tangi la lita 10,000 lijazwe mvua za Mei zinapoisha. Likijaa, lina uzito wa tani 10. Mahali pake si darini. Liwekwe chini, juu ya jukwaa la zege, mbali na ukuta wa chumba wanamolala watoto.