Baiskeli ya Kukunja Yenye Mota: Mambo ya Kuzingatia kwa Mhudumu wa Afya na Mgonjwa wa Unguja

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ulijengwa kabla ya zama za gari. Katika njia nyembamba za Kiponda, Malindi na Mkunazini gari haipiti, na baiskeli inayolala nje haina uhakika wa kuonekana asubuhi. Ndiyo maana baiskeli ya kukunja imepata nafasi yake: mwenyewe huikunja mlangoni, huipandisha ngazi na kuiweka pembeni mwa chumba. Siku hizi wapo wanaotaka kuifungia mota ya umeme, wakiwemo wahudumu wa afya wanaowahi zamu za alfajiri na wagonjwa ambao magoti au pumzi haziwaruhusu tena kukanyaga pedali kama zamani.

Jambo hilo linawezekana na lina manufaa ya kiafya. Hata hivyo, sifa ileile inayoifanya baiskeli hii ifae, yaani kuingia ndani ya nyumba, ndiyo inayoleta hatari yake kubwa, kwa sababu betri nayo huingia ndani. Makala haya yanaeleza jinsi mabadiliko hayo yanavyofanyika, faida yake mwilini, na tahadhari ambazo hazifai kupuuzwa.

Vifaa na hesabu yake

Vifaa vikuu ni vinne: mota, betri, kidhibiti na kihisi. Mota hukaa katika kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Betri ya lithiamu hutoa umeme. Kidhibiti hupima kiasi cha umeme kiendacho kwenye mota. Na kihisi hutambua kwamba pedali zinazunguka, kikaamuru mota isaidie. Baadhi ya vifaa huwa pia na mshiko wa kuzungusha kwa mkono, kama wa pikipiki, unaoiendesha baiskeli bila ya mpanda kukanyaga.

Nguvu ya betri huhesabiwa kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Katika barabara tambarare, mpanda anayekanyaga huku akisaidiwa kwa kiasi hutumia takriban wati-saa 8 hadi 12 kwa kila kilomita. Tuchukue mfano wa muuguzi akaaye Bububu na kufanya kazi Mnazi Mmoja. Masafa ni takriban kilomita 10, hivyo kwenda na kurudi atatumia kati ya wati-saa 160 na 240, nayo betri itabakiwa na akiba. Kuijaza yote kutoka sifuri hakufiki hata nusu ya yuniti moja ya umeme.

Unguja haina milima mirefu. Vilima vya Masingini, vilivyo miongoni mwa sehemu za juu kabisa za kisiwa, vina kimo cha takriban mita 120 tu. Kinachomchosha mpanda baiskeli ni upepo. Anayeelekea kusini wakati wa kusi, au kaskazini wakati wa kaskazi, ahesabu matumizi makubwa ya betri kuliko hayo tuliyoyataja.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa bila umeme huo kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Baiskeli iliyoishiwa betri bado ni baiskeli: huenda kwa miguu, ingawa kwa uzito zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya kutoziondoa pedali wala kuacha mnyororo ukaoza kwa kutegemea mota peke yake.

Mota huongeza mwendo, haiongezi breki

Baiskeli nyingi za kukunja zina magurudumu ya inchi 16 au 20. Gurudumu dogo hupata msukumo mzuri kutoka kwa mota ndogo, lakini huzama katika shimo ambalo gurudumu kubwa lingelipita juu yake. Aidha, fremu yake ina bawaba, na usukani wake ni mrefu. Viungo hivyo vilitengenezwa kwa nguvu za miguu ya mtu.

Mwendo ukipanda kutoka kilomita 15 hadi 25 kwa saa, nishati ya mgongano huongezeka karibu mara tatu, kwa sababu hufuata mraba wa kasi. Kwa hiyo fundi aanze na breki kabla ya kugusa mota: vipande vya mpira viwe vipya, nyaya zisiwe na kutu, na rimu isiwe imelika. Bawaba zikaguliwe kama zina ufa au kulegea. Uma wa mbele wa alumini haufai kubebeshwa mota yenye nguvu, kwani mhimili unaweza kujizungusha, ukapasua uma na kulitoa gurudumu. Ni salama zaidi kutumia uma wa chuma pamoja na kipande maalumu cha kuuzuia mhimili usizunguke. Nchi za Umoja wa Ulaya huweka mpaka wa wati 250, na mota hukoma kusaidia mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Mpaka huo ni wa busara kwa baiskeli ya kukunja popote itumikapo, na kofia ngumu ivaliwe kila safari.

Uzito nao uangaliwe. Mota na betri huongeza kilo 5 hadi 7. Baiskeli ya kilo 12 hugeuka kuwa mzigo wa kilo 17 au zaidi, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni nyembamba na zimesimama. Mwenye maumivu ya mgongo achague betri inayochomoka, aipandishe kwanza, kisha arudi kuchukua baiskeli. Anayebeba boksi la chanjo au mkoba wa dawa asome kiwango cha mzigo kilichowekwa na kiwanda, akijumlisha uzito wake mwenyewe, mzigo na vifaa alivyoongeza.

Faida na mipaka yake mwilini

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Watafiti waliopima mapigo ya moyo ya wapanda baiskeli za umeme wamekuta kwamba kukanyaga kwa msaada wa mota huufikisha mwili katika kiwango hicho cha wastani. Muuguzi wetu wa Bububu, akitumia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, hutimiza dakika 150 kwa siku mbili na nusu za kazi. Faida hiyo hupatikana kwa kukanyaga tu. Anayetumia mshiko wa mkono muda wote amepata usafiri, ila hakufanya mazoezi.

Kwa mwenye magoti yaliyolika, msaada wa mota una thamani kubwa wakati wa kuondoka, ambapo goti hubeba nguvu nyingi. Kiti kipandishwe hadi goti libaki limekunjika kidogo pedali inapokuwa chini kabisa. Kiti kilichoshuka mno huongeza maumivu, na mgonjwa huweza kudhani kwamba ni maradhi yanayozidi.

Wapo wanaotakiwa kuzungumza na daktari kabla ya kuanza: mwenye maumivu ya kifua au kukosa pumzi kwa kazi ndogo, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, aliyepata kiharusi, na mwenye kifafa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari achukue kitu kitamu mfukoni. Akihisi kutetemeka, jasho la ghafla au kizunguzungu, ashuke mara moja. Aliyepoteza hisia za nyayo avae viatu vilivyofunika vidole, na kila afikapo nyumbani akague miguu yake.

Betri ndani ya nyumba

Tarehe 27 Februari 2025 baiskeli ya umeme iliwaka moto katika kituo cha treni cha Rayners Lane, London. Kuanzia tarehe 31 Machi mwaka huo, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo ilizuia baiskeli za umeme zisizokunjwa katika sehemu kubwa ya huduma zake. Za kukunja ziliachwa, kwa maelezo kwamba ni nadra kwao kuwa zimefungwa vifaa vilivyokusanywa huku na kule baada ya kutoka kiwandani. Mtu anayemkabidhi fundi baiskeli yake ya kukunja aifungie mota na betri kutoka vyanzo mbalimbali amejitoa katika dhana hiyo ya usalama.

Betri ya lithiamu iliyopata hitilafu hujipasha joto yenyewe. Seli moja huichoma jirani yake, na moshi wenye sumu hujaa chumbani katika muda mfupi. Katika nyumba za Mji Mkongwe, zenye dari za boriti na ngazi za mbao, moto ukianzia chini ya ngazi huwafungia njia walio juu, na gari la Zimamoto haliwezi kuingia kichochoroni. Kwa hiyo betri isichajiwe chini ya ngazi, mlangoni wala chumba cha kulala, na isichajiwe watu wakiwa wamelala. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, mahali ambapo ikiwaka haizuii njia ya kutokea.

Chaja iwe ya betri ileile: betri ya volti 36 yenye seli 10 mfululizo hujaa kwa volti 42, na chaja ya volti 48 huipeleka kwenye maafa hata kama plagi inaingia. Betri iliyovimba, iliyoanguka kwa kishindo, iliyoingia maji ya mvua za masika au yenye harufu isiyo ya kawaida isichajiwe tena. Hewa ya chumvi ya pwani hula viunganishi, hivyo vikaushwe na kukaguliwa mara kwa mara. Betri zilizotengenezwa kwa seli kuukuu zilizobandikwa karatasi mpya ziepukwe, hata bei yake iwe ya kuvutia.

Dharura ikitokea

Betri ikianza kutoa moshi au sauti ya kufoka, usiibebe na usijaribu kuiokoa baiskeli. Toa watu wote, funga mlango nyuma yako, kisha waite Zimamoto. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na bangili, na jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta na unga havifai kupakwa.

Mhudumu wa afya anayempokea majeruhi huyo aulize kama alivuta moshi, hata akionekana mzima, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Moshi wa betri hizi unaweza kuwa na haidrojeni floridi. Maumivu yanayozidi ukubwa wa jeraha linaloonekana ni dalili ya kuifikiria sumu hiyo, ambayo matibabu yake ni kalsiamu glukoneti.

Anayekusudia kuibadilisha baiskeli yake agawe fedha zake kwa utaratibu huu: kwanza breki na kofia, kisha betri nzuri pamoja na chaja yake, na mwisho mota. Fedha zikiishia kwenye breki, atakuwa na baiskeli salama ya kukanyaga kwa miguu, na mota itasubiri.